Jua Kwanza, Flashi Baadaye

Riziki yangu nimeipata kwa kupiga picha za maharusi kwenye fukwe za magharibi ya Unguja, kuanzia Forodhani hadi Kendwa, na kazi hiyo imenijengea msimamo mmoja usioyumba: katika picha ya machweo, jua ndilo mwenyeji na flashi ni mgeni. Anga hupimwa kwanza, rangi ya mawingu ikaamuliwa ikolee kiasi gani, ndipo taa iwashwe kwa ajili ya uso. Anayeanza na uso huupata uso uliong'aa, na nyuma yake weupe usio na machweo yoyote.

Sababu imo ndani ya kamera. Flashi huwaka na kuzimika upesi kuliko shata inavyofunguka na kufunga, kwa hiyo kasi ya shata haiugusi mwanga wake ilimradi isivuke kikomo, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Mwanga wa anga nao hupungua nusu kila kasi inapoongezwa maradufu. Ukitoka 1/100 kwenda 1/200, wekundu wa mawingu hukolea na uso hubaki vilevile. Tundu la lenzi huathiri mianga yote miwili, ndiyo maana naliweka mapema na kuliacha. Huku karibu na Ikweta jua huteremka karibu wima. Likishagusa bahari, duara lake lote huzama kwa takriban dakika mbili. Giza likiingia napunguza kasi ya shata tu, flashi siigusi tena.

Kigumu zaidi ni rangi. Flashi hutoa mwanga wa karibu Kelvin 5500, sawa na jua la mchana, ilhali jua linalozama huwa kati ya 2000 na 3000. Uso uliopigwa flashi tupu mbele ya anga la dhahabu huonekana kama umebandikwa. Jeli nzito ya chungwa, yaani karatasi ya plastiki ya rangi inayofunika flashi, huushusha mwanga huo hadi karibu 3200. Kwa ngozi zetu nyeusi hili lina uzito mkubwa: flashi ya mbele huacha mng'ao mweupe kwenye paji la uso na kuua kahawia iliyo chini yake, lakini taa ya pembeni iliyopita kwenye mwavuli huitoa kahawia hiyo ikiwa hai.

Wapo wenzangu wanaoiita taa udanganyifu. Siafiki. Aliyesimama ufukweni huona mawingu na uso kwa pamoja. Kamera ndiyo isiyoweza, na picha inayomfuta mtu aliyekuwepo haiwi ya kweli zaidi. Wengine huinua vivuli kwenye kompyuta. Kamera za siku hizi zinavumilia mengi, lakini uso uliolipa jua kisogo humulikwa na ubuluu wa anga la mashariki, na ukiinuliwa huja na ubuluu huo pamoja na chengachenga. Jahazi likipigwa likiwa kivuli cheusi hupendeza, sipingi. Bibi harusi ana uso, na ndio alioulipia.

Wewe unayeanza kazi hii, nunua jeli ya chungwa kabla ya flashi ya pili.