Kuupima Mwanzo wa Uongozi

Sisi wa Ibaba, huku Ileje, huupima uongozi kwa yale yatufikiayo mlangoni. Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015. Kufikia Januari 2016 ada zilikwisha kufutwa hadi kidato cha nne, na Mkoa wetu wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Watoto wakafurika madarasani kupita madawati, mzigo ukamwangukia mwalimu. Hata hivyo, msongamano huo twauhesabu kuwa ni neema. Lakini Januari hiyo hiyo Televisheni ya Taifa iliacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, na mwezi Juni mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa. Hilo, kwa maoni yetu, halikuwa nidhamu. Mzazi yule yule aliyeondolewa ada ndiye aliyenyimwa kumsikia mbunge wake akiuliza habari za madarasa.