Njia ya Nyakasanza

Kutoka nyumba niliyopanga mtaa wa Nyakasanza hadi barabara kuu ya Libération, mwenye haraka angefika upesi tu. Mimi nilijifunza kutoka mapema, maana watu wa njia ile hawakukubali mtu apite hivi hivi.

Mwaka ulikuwa 2017. Ituri, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na miaka miwili tangu ifanywe mkoa, Bunia ikiwa makao makuu yake, na kazi ya hesabu katika shirika dogo ndiyo iliyonipeleka huko. Mji ule uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake zina ubaridi wa kumtoa mtu na kitenge cha pili mabegani.

Wa kwanza alikuwa mama wa maandazi. "Mama Tanzania, jambo! Ulilala muzuri?" Natoka Tanga, nimelelewa katika salamu ndefu, lakini Bunia salamu ina mkono ndani yake. Kila mtu hupewa mkono, kila siku, hata yule mliyeachana naye jana jioni. Mikono yake ilikuwa na unga hadi viganjani, basi akininyooshea kifundo cha mkono, nami nakishika kifundo. Sijawahi kuona adabu iliyonifurahisha kuliko ile ya mtu asiyekubali hata unga umnyime kukusalimu.

Mbele kidogo alikaa fundi mmoja mzee na cherehani yake barazani. Huyo aliulizia watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja, na jibu la "wazima wote" hakulipokea. Alitaka binti yangu peke yake, mama yangu peke yake, na goti la mama yangu, ambalo nililitaja mara moja tu nilipokuwa mgeni. Alishusha mguu kutoka kwenye pedali na kuusimamisha mshono mpaka amalize kusikia.

Barabarani magari hushika mkono wa kulia, na sisi tuliokulia Tanzania shingo zetu hutazama upande mwingine kwanza. Mwanamke nisiyemjua, mwenye beseni kichwani, alinishika kiwiko akanivusha, akaendelea na safari yake bila kudai shukrani. Ng'ambo walikuwapo wabadilishaji fedha na mabunda yao ya faranga juu ya vimeza. Dola iliyochanika hata kidogo huikataa, bila hasira. Lakini hata hao, kabla noti haijatoka pochini, walitaka kwanza kujua kama nimeamka vyema.

Jioni nilirudi kwa kupitia kwa wauza samaki. Samaki wa Ziwa Albert huja kutoka Kasenyi na Tchomia, na mama mmoja alikuwa akiniwekea mmoja chini ya jani. Ubishi wetu ulikuwa mmoja: nazi. Nilimweleza tui linavyopikwa kwetu, akanihurumia waziwazi. "Na mawese munatia wapi?" Nikamwambia hatutii. Akawaita wenzake waje wasikie. Siku hiyo nilipewa chupa ya mawese bure na maelekezo kutoka kwa wanawake wanne waliosema kwa pamoja, na watoto wa shule wenye mashati meupe wakasimama kutazama wakubwa wanavyogombania sufuria ya mgeni. Nilipika walivyosema. Kesho yake nilipita kuwaeleza, kwa sababu walikuwa wananingoja.

Mwisho wa mwaka ule vita viliwaka Djugu, kaskazini mwa mji, na mapema mwaka 2018 watu waliokimbia wakajaa Bunia. Mahema yakasimama karibu na hospitali kuu. Njia yetu ikabadilika. Salamu zikawa nzito, maana sasa "habari ya watu wako?" ilikuwa na majibu ambayo mtu hakuyaweza akiwa amesimama. Mama wa maandazi alipokea jamaa zake ndani ya vyumba viwili. Muuza samaki alianza kutenga samaki wengine chini ya jani, wa kupeleka mahemani. Fundi, ambaye Mei 2003 alijifungia ndani wakati mji ulipopiganiwa mtaa kwa mtaa, alishona sare za watoto ambao hakuwauliza wanatoka upande gani. Nilimuuliza mimi. Akanitazama kwa upole, akasema, "Wanatoka baridini, mama," akaomba nimpitishie mkasi.

Nilikuwa nimesharudi Tanga Mei 2021 Ituri ilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi. Nilimpigia simu fundi nikiwa na hofu, swali langu likiwa tayari mdomoni. Hakunipa nafasi. Aliuliza binti, akauliza mama, akauliza goti. Ndipo akasema wapo, uzi umepanda bei, na mama wa samaki anataka kujua kama mawese yanapatikana Tanga.