Picha Kabla ya Kujifungua

Mimba mbili zilitutoka kabla ya hii. Ilipotimia miezi saba, mimi na mke wangu tukapanga kupiga picha ya ujauzito. Shangazi akatuuliza: "Wanangu, picha ya nini, na mtoto hajafika?"

Swali lake lilikuwa na uzito. Luka anaeleza kwamba hata Elisabeti alijificha miezi mitano. Lakini Mariamu alipomsalimu, furaha haikungoja siku ya kujifungua.

Tukachagua gauni la rangi moja, ukuta mtupu na mwanga wa dirishani, ili picha isizeeke. Hatukuipiga ili kumdai Mungu kesho. Tulimshukuru kwa siku aliyokwisha kutupa, tukiwa watatu. Hata ingekuwa ya mwisho, huyu alikuwa mtoto wetu.