Waja leo, waondoka leo: Nilivyomsaka mshikaji wangu wa Ngamiani

Safari hii sikupeleki Zanzibar kuota jua wala Mikumi kutazama tembo. Leo nakupeleka Tanga, tena si kwa ajili ya ufukwe. Tunakwenda kumtafuta mtu.

Kila mtu anaye wake. Yule mliyegawana kashata moja vipande viwili, mkachapwa pamoja kwa kuchelewa namba. Halafu siku moja lori likasimama mlangoni, vitanda na makabati yakapakiwa, mkapungiana mikono, basi. Mtoto hana simu, hana anwani. Miaka inakatika, unaota ndevu, na yule bwana anabaki kichwani mwako na kaptula ile ile yenye kiraka.

Wangu nilimwacha Tanga mwaka 2009, tukiwa darasa la nne, mzee wangu alipohamishiwa Dar kikazi. Mwaka 2024 nikasema inatosha, miaka 15 si mchezo. Kwenye kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja hayumo. Nikauliza, mmoja akajibu: "Huyo jamaa bado yuko mjini, lakini anatumia kitochi, na namba yake hatuna." Haya, kama namba hakuna, basi lipo. Ijumaa alfajiri nikawa Stendi ya Magufuli pale Mbezi, begi mgongoni.

Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350. Unapita Chalinze, Msata, unavuka daraja la Wami, unaacha Mkata na Kabuku, mpaka Segera. Hapo ndipo ndugu zetu wa Moshi na Arusha wanashika kushoto, sisi tunakata kulia. Ukifika Hale, mashamba ya mkonge yanaanza, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Ukifika Muheza, akina mama wanainua machungwa hadi usawa wa dirisha, na ukifanya ubishi wa bei basi linaondoka.

Huo mkonge usiuone hivi hivi. Miche ya kwanza ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na inasemwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo likatoka zao lililoifanya Tanzania kuwa kinara wa dunia. Miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mashamba yakataka watu, watu wakaja kutoka kila pembe, manamba kwa manamba. Babu yake huyo mshikaji wangu naye alikuja hivyo hivyo, na mkataba mkononi. Baadaye kamba za nailoni zikaingia sokoni, mashamba yakataifishwa, bei ikaanguka, na waliokuja wengi wakatawanyika.

Ndiyo maana wenyeji wana ule msemo wao: Tanga, waja leo, waondoka leo. Wengine wanaucheka tu. Mimi nausikia kama swali. Yaani wewe uliyekuja leo, unaondoka leo leo? Una haraka gani?

Basi siku hizi linakushusha Kange, nje ya mji. Nikapanda bajaji hadi Ngamiani. Kwa msiopajua, Ngamiani ni uswahilini pa Tanga, mitaa imepangwa kwa namba. Huambiwi mtaa wa fulani, unaambiwa barabara ya nane, barabara ya kumi na mbili. Mjerumani alipanga, na mpaka leo mgeni hapotei hata akitaka. Baiskeli zinapita kwa upole, baibui kwenye kiti cha nyuma, mkate wa ajemi kwenye kikapu cha mbele. Mtu wa Dar ukitembea mwendo wako wa Kariakoo, watu wanadhani umeibiwa.

Namba za barabara nilizikumbuka, lakini nyumba yao niliikuta ina wapangaji wengine. Nikaenda kwenye kijiwe cha kahawa. Nikaamkia wazee, nikakaa, nikaagiza kikombe kabla ya kuuliza chochote. Maana Tanga ukianza na swali bila salamu, utajibiwa kwa salamu. Mzee mmoja akanitazama, akasema: "Weye mtoto wa nani?"

Sikujibu jina langu. Nilijibu jina la baba, kazi aliyokuwa akifanya, na nyumba tuliyopanga. Mzee akageukia wenzake, wakaanza kubishana kuhusu mlango wa nyumba ile ulikuwa wa rangi gani. Walipokubaliana kuwa ulikuwa wa kijani, tayari nilikuwa nimekwisha kuwa mtoto wao. Nikamtaja ninayemtafuta, wakacheka. "Ahaa, fundi! Nenda barabara ya pili yake, chini ya mwembe, utakuta magurudumu yananing'inia."

Kweli, magurudumu yalikuwa yananing'inia. Chini yake amechuchumaa mtu mrefu, mikono myeusi ya grisi, amebana rimu katikati ya magoti. Mimi nilimjua kwa masikio. Masikio hayakui akili, ni yale yale. Yeye alinitazama kama mteja, akauliza: "Pancha?" Nikamwita jina tulilompachika darasa la pili, ambalo siliandiki humu kwa heshima ya mkewe. Rimu ikaanguka. "Mgosi! Ni weye?"

Jamani, saa ya kwanza ilikuwa tamu kuliko soda ya baridi. Tulikumbushana baiskeli ya kukodi ya kwenda Raskazone kuogelea, wawili juu ya moja, breki hakuna. Tukakumbushana Mkwakwani, yeye damu ya Coastal Union, wale Wagosi wa Kaya mabingwa wa Bara wa mwaka 1988 ambao baba yake hakuacha kuwasimulia, mimi nikijifanya African Sports ili tu apate hasira. Watoto wa mtaa walisimama kutusikiliza.

Halafu hadithi zikaisha.

Hili watu hawalisemi, mimi nalisema. Kumbukumbu za utotoni zina ujazo wake, kama mtungi. Ukizimimina zote, unabaki na mtu mzima mbele yako ambaye humjui. Yeye akaokota spana, mimi nikachezea simu. Nikaona anaitazama simu yangu, kisha viatu vyangu, kisha anaitazama mikono yake. Huyu ndiye aliyekuwa akinifundisha hesabu za mafumbo pale kibarazani kwao. Kichwa alikuwa nacho yeye, siyo mimi. Alifaulu darasa la saba, lakini mwaka 2013 baba yake, aliyekuwa kibarua wa matishari bandarini, akafariki. Mimi nikaendelea na sekondari mjini Dar, yeye akaingia kwenye benchi la fundi ili wadogo zake wale.

Akasema bila kuniangalia: "Ungekuja miaka mitano nyuma, ningejificha. Ningemwambia mtoto akuambie nimesafiri."

"Na sasa?"

"Sasa benchi ni langu. Shika hapa."

Akanipa gurudumu. Nikalishika, naye akawa anakaza spoki moja moja huku anazungusha, anasikiliza. Akanionyesha kwamba ukikaza upande mmoja lazima ulegeze mwingine, la sivyo rimu inacheza kama mlevi. Nikauliza maswali ya kijinga, naye akajibu kwa raha, na ghafla nikamsikia yule mwalimu wangu wa hesabu. Mpaka jua linazama tulikuwa tumemaliza baiskeli tatu na hatukuwa tumeitaja shule hata mara moja.

Usiku nilikula kwao. Mama yake alipika bada na mchuzi wa papa wa nazi. Kwa wasiojua, bada ni ugali wa muhogo, na ukiula kwa kijiko Tanga watakuonea huruma. Nilimpa shikamoo, akanishika kichwa, akanihesabia watu wote waliotangulia mbele ya haki tangu tuhame. Jina moja moja, taratibu, na kila jina nikaitikia. Nilielewa kwamba anayebaki ndiye mtunza daftari la mtaa, na anayehama anarudi kusomewa.

Asubuhi mshikaji akanipakia hadi mwambao wa bandari, tukakaa kutazama kisiwa cha Toten. Akaniambia zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikavushwa kwa matishari, ndiyo kazi iliyomlisha. Sasa kina kimechimbwa na meli zinafunga gatini. Upande wa Chongoleani ndipo litakapoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Alisema: "Mji unaamka, mgosi. Nataka uamke na mimi."

Wakati wa kuagana nikatoa noti, nikasema ni ya watoto. Akairudisha kwenye mfuko wangu wa shati, akaupigapiga. "Pesa ukinipa leo, kesho nitakukwepa. Nifanyie kitu kimoja. Ukifika Kariakoo, niulizie spoki na tairi bei ya jumla. Huku tunauziwa na watu wa kati, wanatukamua." Nikaandika vipimo vyote nyuma ya tiketi ya basi.

Jumatatu nilizunguka Kariakoo maduka matano. Wiki iliyofuata mzigo wa kwanza ukapakiwa kwenye basi, yeye akaupokea Kange, pesa akatuma kwa simu hadi shilingi ya mwisho. Tangu hapo ananipigia kwa kile kitochi chake karibu kila wiki. Tunaanza na bei ya tairi, tunaishia kwenye homa za watoto na vituko vya wake zetu watarajiwa na waliokwisha kuwepo. Mambo ya darasa la nne hatuyagusi tena. Tunayo mapya.

Nawe msomaji, ukitaka kumfuata wako, shika haya matatu. Kwanza, ukifika usiulize jina lake, jitambulishe kwa jina la mzazi wako, maana mtaa unakumbuka wazazi. Pili, lala angalau usiku mmoja. Ukienda na kurudi siku hiyo hiyo utaondoka na hadithi za zamani tu, na hizo ulikuwa nazo tangu nyumbani. Tatu, usitangulize pesa. Tanguliza mikono, shika anachokishika yeye, hata kama ni jembe au sufuria. Atakwambia mwenyewe anachohitaji, na mara nyingi si kile ulichokipakia kwenye begi.

Na usije ukasema huna nafasi. Nauli ya Tanga haizidi gharama za wikiendi mbili za kujirusha. Ukipita Muheza ninunulie machungwa, ila usibishane bei, dereva hana subira.

Tukutane wiki ijayo.