Saa Zisizo za Mviringo



Tangu trimestri hii ianze, kwetu wa mwaka wa sita kuko mabishano juu ya saa za mkono. Simu haziingie katika chumba cha Exetat, kwa hiyo kila finaliste anatafuta saa. Lakini wengi hawataki ya mviringo. Wanataka ya pembe tatu, ao ile iliyopinda kama vile imeyeyuka kwa moto.

Hatuwacheki. Kitu kisichofanana na vingine kinavutaga macho, na hakikuanza leo. Katika 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea Santos-Dumont, yule Mbrazili aliyeruka hewani, saa ya pembe nne. Ya pembe tatu ni Ventura ya Hamilton, Marekani, 1957. Elvis Presley aliivaa katika filme.

Ile iliyopinda inaitwa Crash. Ilitoka kwa Cartier wa London katika 1967. Watu wanasimuliaga kwamba waliiga saa iliyoungua katika aksida ya motokari. Hiyo ni hadithi tu, waliichora hivyo kwa kupenda. Kazi ilikuwa kupanga namba. Hata sura ikipinda, mishale inazunguka tu kwa mviringo. Namba ikisogea kidogo, saa inadanganya.

Sasa, Crash moja ya 1967 iliuzwa kwa mnada katika 2022 kwa dola zaidi ya 1,500,000. Zilitengenezwa chache sana, hata tajiri anaitafuta bila kuipata. Basi hii ya sokoni, inayolala kando ya viatu vya mitumba, iko nini? Juzi katika étude ya jioni tuliwaonyesha wawili saa moja. Wa kwanza alisoma saa moja na dakika kumi, wa pili saa moja na robo. Kwenye Exetat, dakika tano ni maulizo mangapi?

Na kuko jambo zito zaidi. Ndugu yetu mmoja alinunua yake kwa feza za participation, ambazo mama yake alipata kwa kuuzisha makala. Tulienda naye kwa muuzaji, tukamuomba kwa heshima. Alikataa kabisa. Mama hajajua bado.

Sisi wa sita tumeanza kuchanga. Anveloppe iko kwa sekretere wa darasa mpaka siku ya posho. Hata franga 500 tunapokea, na jina la ndugu huyu tusiliulize.