Yom Kippur: kufunga peke yake hakutoshi

Kila mwaka, mwezi wa tisa ao wa kumi, Wayahudi wanaacha kazi zote kwa siku moja. Ni Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, inayotajwa katika Mambo ya Walawi, sura ya 16.

Kongo inaijua siku hii. Huko Lubumbashi, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, familia za Kiyahudi kutoka kisiwa cha Rhodes zilifanya biashara na kusali katika sinagogi yao. Mwaka 1944, Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes na kuwapeleka Auschwitz. Waliokuwa Katanga waliokoka, lakini wengi hawakuwaona tena wazazi na ndugu zao.

Mfungo unaanza jua likizama na unaisha kesho yake usiku, karibu saa 25. Hakuna chakula wala maji, hata usiku. Hakuna kuoga, wala kuvaa viatu vya ngozi. Mchana kunasomwa kitabu cha Yona. Mwishoni pembe ya kondoo dume inapigwa, na watu wanarudi nyumbani kula.

Lakini walimu wa Kiyahudi wanafundisha hivi: siku hiyo inaondoa makosa kati ya mtu na Mungu. Aliyemwibia jirani ao kumsingizia, njaa haitamsafisha mpaka amwendee huyo jirani, arudishe kitu chake na kuomba msamaha. Ndiyo maana siku za kabla ya mfungo ni za kutafutana na kupatana. Kazi hiyo ni ngumu kuliko njaa.

Tena, uhai unatangulia. Watoto hawafungi. Mgonjwa aliye hatarini anaamriwa kula, vilevile mama aliyejifungua juzi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1848, kipindupindu kilipoingia mji wa Vilna, rabi Israel Salanter aliwaambia waumini wale siku hiyo hiyo takatifu.

Kwa familia zilizokimbia vita, zinazojua kipindupindu na maisha ya kubanana na majirani wageni, hayo yanaeleweka haraka. Watu wa Ninawi, katika kitabu cha Yona, walifunga na kuvaa magunia. Walimu hao wanakumbusha kwamba Mungu hakuangalia magunia, aliangalia kwamba wameacha ubaya.

Basi aliyechukua bidoni ya mwenzake kwenye foleni ya maji, airudishe kwanza. Kisha afunge.