Ua la Usambara Dirishani Ganako

Katika dirisha letu hapa Ganako, lile lisilopigwa na jua kali, mna kopo lenye ua dogo la zambarau, majani yake yana malaika laini kama shavu la mtoto. Asili yake si misitu hii ya Ngorongoro, bali ni milima ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Wajerumani wa kawaida huliita kwa jina la Usambara, nao wamelitendea haki.

Mzee jirani yangu aliniuliza: “Mwanangu, ikiwa limejaa madirishani Ulaya na Marekani, msitu wake ukikatwa litapungukiwa nini?”

Swali zito hilo. Nilimchumia jani moja akalipande. Jani hilo hutoa mizizi, likazaa mche uliofanana na mama yake kwa kila hali. Basi vyungu elfu vyaweza kuwa ua moja tu. Msituni zimo aina mbalimbali, na ile ya Mbololo, huko Taita nchini Kenya, haijulikani kuota porini penginepo. Huota penye mawe na unyevu, chini ya miti. Kivuli kikiondoka, huungua.

Mzee aliutazama msitu wa juu yetu, unaotupatia maji, akanyamaza kitambo. Kisha akauliza habari za kumwagilia. Nikamwambia: udongoni, mzee wangu, wala si majanini, maana maji baridi huyatia madoa.